Siku ya Picha

Simu ilipoita, Mdogo alikuwa ameinamia jiwe la kusagia vioo, maji yakimrukia kwenye aproni. Kazi yake ilikuwa kukata vioo vya miwani nyuma ya duka moja la macho, katika chumba chembamba chenye dirisha dogo na feni iliyochoka. Akaiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, ikaanza upya, mpaka mwenzake wa kaunta akachungulia mlangoni.

"Pokea basi, wewe! Hiyo simu itatoboa meza."

Alikuwa nesi wa kituo alikopimwa kila mwaka. Sauti ile Mdogo angeitambua popote: nzito, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu anayeongea huku anatafuta kitu mezani.

"Pacha," nesi alisema. Kwake yeye Mdogo na dada yake wote wawili walikuwa Pacha, hakuwahi kujisumbua kuwatenganisha. "Siku yenu imefika. Na safari hii mje mmejiandaa, maana ni ya mwisho."

"Ya mwisho kivipi?"

"Utafiti tunaufunga. Jengo nalo linabomolewa, tunahamia jipya. Daktari anataka awaone nyote kabla hatujaondoka humu."

Mdogo akasema sawa, watakuja, asante. Akaweka simu chini, akarudi kwenye jiwe, lakini mikono ilikuwa imepoteza kazi. Machozi yalikuwa yanamlenga, na yeye mwenyewe alijishangaa. Mtu mzima na akili zake, analilia hospitali?

Ila haikuwa hospitali aliyokuwa akiililia.

Walizaliwa wawili, wanafanana mpaka kwenye kucha. Dada yake alimtangulia kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo alizitumia vizuri. Yeye ndiye aliyechagua upande wa kitanda, yeye ndiye aliyeamua mchezo gani uchezwe na nani awe mgonjwa na nani awe daktari, yeye ndiye aliyekuwa akigawa biskuti na kujigawia iliyovunjika vipande viwili ili aseme amepata mbili. Baba yao ndiye aliyeanza kumwita Bosi, kwa utani, na jina likanasa. Yule mwingine akabaki kuwa Mdogo, na hakuona ubaya wowote. Ukiwa na Bosi humwogopi mtu. Shuleni, aliyemgusa Mdogo alijua kabisa kwamba saa ya mapumziko kuna mtu anamsubiri nje na mikono kiunoni.

Walikuwa na miaka kumi na sita Bosi alipougua.

Ilianza na redio. Bosi alikuwa anapenda redio kuliko chakula, akiimba nayo, akibishana na watangazaji. Kisha akaanza kuizima. Mtu akiiwasha, yeye anaizima. Baadaye akawa anaifunika na shuka, na siku moja akamvuta Mdogo chooni, akafunga mlango, akamnong'oneza kwamba yule mtangazaji wa jioni anamtaja. Anajua amevaa nini.

Mdogo alicheka. Alidhani ni utani mpya, maana utani wa Bosi ulikuwa hauishi. Alipoona mwenzake hacheki, na jinsi macho yalivyomtoka, akaacha.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Katikati ya mtihani Bosi alisimama akaanza kumjibu mtu ambaye hakuna aliyemwona. Akaacha kuoga, akaacha kulala, akaacha kuongea na yeyote aliyekuwepo. Majirani kila mmoja akawa na lake la kusema, na mama yao, ambaye alikuwa mfua nguo wa hoteli na mtu wa maneno machache, akawasikiliza wote kwa adabu na hakumfuata hata mmoja. Alimfuata mwalimu wa darasa, aliyemwambia kwamba kuna kituo mjini ambako madaktari wanatibu vijana wa namna ile, na wanachunguza ubongo wao wapate kuelewa.

Daktari alikuwa kijana siku hizo. Mwembamba, mfuko wa shati umelowa wino. Alipowaona wawili wameketi kwenye benchi, sura moja mara mbili, mmoja akitazama sakafu na mwingine akimtazama yule anayetazama sakafu, alisimama mlangoni kama aliyesahau alichofuata.

Alimtibu Bosi kwanza. Mambo ya utafiti aliyaleta baadaye sana, dawa zilipoanza kushika, na aliyasema polepole, kwa maneno ambayo mama angeyaelewa.

"Mama, hawa ni damu moja. Wamekua nyumba moja, wamekula sahani moja. Mmoja ameugua, mwingine hajaugua. Sisi hatujui ni kwa nini. Mkikubali, tutakuwa tunawaita wote wawili kila mwaka, tunawapima, tunapiga picha za ubongo, tuone nini kinabadilika na nini hakibadiliki."

"Atapona mwanangu?"

"Matibabu atayapata hata mkikataa. Huu utafiti ni kwa ajili ya watakaokuja baadaye."

Mama akafikiri. "Na sisi tumeshakuja," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapima tu. Kisha akawageukia binti zake. "Mnasemaje?"

Mdogo akamtazama Bosi, maana ndivyo alivyozoea. Na Bosi, ambaye siku nzima hakuwa ametoa neno, akainua kichwa.

"Hiyo mashine itaona sauti?"

"Hapana," Daktari alisema. "Itaona ubongo wako ukifanya kazi wakati unazisikia. Sauti zenyewe haziwezi kuonekana."

"Afadhali," Bosi akasema. "Zina matusi."

Daktari alicheka kabla hajajizuia, mama akacheka, na Mdogo akacheka mpaka akalia, kwa sababu kwa kitambo kile kifupi dada yake alikuwa amerudi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Siku ya Picha. Jina walilipa wenyewe nyumbani. Kila mwaka, shule zikifungwa, mama aliomba ruhusa hotelini, akawapigia magauni pasi mpaka yakasimama yenyewe. Mdogo akimwambia kwamba mashine inapiga picha ya ndani ya kichwa na gauni halionekani, mama anamjibu, "Ya ndani ni ya Daktari. Ya nje ni yangu."

Fundi wa mashine alikuwa mtu wa kitambi na ndala laini, anatembea bila kutoa sauti. Chumba cha mashine hakikuruhusu chuma hata kidogo, kwa hiyo mlangoni kulikuwa na bakuli la plastiki, na kila mwaka fundi aliuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile ya kusoma tangazo: una chuma mwilini, una hereni, una banio, una zipu? Bosi alikuwa na mabanio yasiyoisha. Anatoa moja, anasema ndilo la mwisho, kisha anatoa jingine nyuma ya sikio. Fundi alikuwa anavumilia kwa uso mkavu, lakini mabega yalimtingishika.

Ndani ya ile mashine unalala chali kwenye bomba, na bomba linagonga. Linagonga haswa. Bosi alizipa sauti zake majina: hii ni ya mtu anaezeka bati, hii ni ya kuku anayegombana na mlango, hii ni ya jirani anayedai haki yake. Kwa kuwa walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wakitoka walilinganisha. "Wewe jirani alikufikia?" "Alinifikia, na leo kakasirika." Kisha nesi aliwaletea chai na mkate uliopakwa siagi nyingi kupita kiasi, wakala wote watatu kwenye benchi la korido, miguu ikining'inia, mama katikati. Mdogo alikuja kufikiri baadaye sana kwamba katika miaka ile yote ya wasiwasi, dawa, kulazwa na kurudi nyumbani, siku ile ilikuwa ndiyo pekee ambayo hakuna aliyekuwa akimwangalia Bosi kwa jicho la pembeni. Pale wote wawili walikuwa wanapimwa. Pale walikuwa pacha tena.

Hata ugomvi wao mkubwa ulitokea pale. Kulikuwa na kipimo cha maneno: nesi anasoma maneno, ndoo, daraja, kitunguu, wingu, nawe unayarudisha unayokumbuka. Kabla ya kuugua, Bosi alikuwa na kichwa kama sumaku. Mwaka mmoja dawa zilikuwa zimebadilishwa, akawa mzito, maneno yakamponyoka moja baada ya jingine huku ameuma midomo. Mdogo alikuwa nyuma ya pazia, akisikia. Zamu yake ilipofika, akajifanya amesahau. Aliyarudisha machache, akanyamaza, akamtazama nesi kwa macho ya kondoo.

Bosi ndiye aliyemfuata nje, kwenye bomba la maji.

"Kitunguu umesahau? Wewe?"

"Nimechoka tu."

"Usinifanye mtoto." Bosi alimsogelea. "Nimenyang'anywa vingi. Shule, marafiki, usingizi. Humu ndani ndiyo sehemu pekee ninayotoa kitu. Wananipima mimi nilivyo, na wewe ulivyo, wapate kujua. Ukidanganya wewe, na mimi nimetoa nini? Nimekuja kulala kwenye bomba bure?"

Akamshika mkono, akamrudisha ndani, akamwambia nesi, "Huyu hajamaliza." Nesi, bila kuuliza, akasoma maneno mapya. Mdogo akayarudisha yote, machozi yakimtiririka, na Bosi amesimama mlangoni na mikono kiunoni, kama zamani pale shuleni.

Kulikuwa na mwaka mbaya pia. Baba alikuwa ameshafariki, na Bosi alikuwa ameacha dawa kimyakimya. Asubuhi moja wakaamka kitanda chake kitupu. Walimtafuta kwa ndugu, kwa rafiki wa zamani, sokoni, mahabusu, kwenye vyumba vya maiti ambako mama aliingia peke yake na kumwacha Mdogo nje. Alasiri walikuwa wamepita hotelini kwa mama kuomba msaada, simu ya pale ikaita. Alikuwa nesi. Bosi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu milango ilipofunguliwa, amevaa gauni lililopigwa pasi, viatu mguu huu na mguu ule haviendani.

Walipofika aliwatazama kwa lawama. "Mmechelewa. Si Siku ya Picha leo?"

Haikuwa. Ilikuwa miezi mingi mbele. Lakini Daktari alitoka ofisini, akaketi sakafuni mbele yake, na shati lake jeupe, akamwambia, "Umefanya vizuri kuja." Wakamlaza siku ileile. Mama, ambaye hakuwa amelia hata chumba cha maiti, alilia pale kwenye korido mpaka nesi akampa kanga ya kujifutia.

Na Mdogo? Mdogo alikuwa na lake, ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa anajisubiri. Miaka ya ujana wake wote aliishi kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni atakuja bila kutajiwa siku. Akisahau funguo, moyo unamlipuka. Akisikia jina lake sokoni, anageuka haraka kuhakikisha kuna aliyeita. Mgeni hakuja. Akajifunza kazi ya miwani, akaolewa na dereva wa magari ya mizigo, mtu mpole wa safari ndefu, akazaa binti. Mama alipofariki, walikwenda Siku ya Picha wawili peke yao, na Bosi ndiye aliyepiga magauni pasi. Aliunguza moja. Wakayavaa hivyohivyo, wakacheka njia nzima.

Kufikia simu ile ya nesi, Bosi alikuwa ametulia kwa miaka mingi. Alikuwa akiishi chumba cha uani nyumbani kwa Mdogo, anakunywa dawa zake, anashona vifungo na kutia zipu nguo za watu. Sauti zilikuwa bado zinapita, alisema, ila siku hizi kama magari barabarani: unayasikia, huyafuati.

Binti wa Mdogo naye alikuwa ametimiza miaka kumi na sita.

Hapo ndipo lilipokuwa lile jambo la Mdogo. Mgeni aliyemsubiri ujana wake wote, sasa alikuwa anamsubiria mwanawe. Binti akifunga mlango wa chumba, Mdogo anasimama koridoni. Akizima redio, Mdogo anauliza kwa nini. Na kuhusu ugonjwa wa Bosi, ambaye binti alimwita Mama Mkubwa, nyumba nzima ilikuwa na neno moja tu: presha. Mama Mkubwa ana presha. Anakunywa dawa za presha.

Mdogo hakukusudia kwenda na binti. Lakini asubuhi ya siku ile binti alitoka chumbani amevaa gauni lililonyooka.

"Mama Mkubwa amesema niwasindikize."

Mdogo akamgeukia dada yake. Bosi alikuwa anafunga viatu, hakuinua hata uso. "Ni ya mwisho," alisema. "Aone."

Kituo kilikuwa nusu uchi. Maboksi yamepangwa mpaka dirishani, na ukutani kulikuwa na miraba myeupe palipokuwa pametundikwa picha. Nesi alikuwa amestaafu kisha akarudi kwa ajili ya wiki ile ya mwisho tu. Alimkumbatia binti kabla hajatambulishwa. "Pacha wa tatu huyu!" Daktari alikuwa na mvi kichwa kizima. Alivaa miwani ambayo Mdogo mwenyewe alimkatia, na mfuko wa shati ulikuwa bado na doa la wino, kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kalamu zina vifuniko.

Waliongea ya zamani, wakataja waliokufa. Kisha Daktari akakohoa, akasema kwamba katika jengo jipya wataanza utafiti mwingine, wa watoto wa wale waliokuwa kwenye huu. Vijana wazima, wafuatwe mapema, ili dalili zikija kwa yeyote wazione kabla hazijamwangusha. Alisema bila kumwangalia binti, kwa heshima. "Si lazima. Fikirini tu."

"Mwanangu hana kitu," Mdogo akasema.

Lilitoka kali kuliko alivyotaka. Nesi akainamisha macho. Binti akamtazama mama yake, akamtazama Mama Mkubwa wake.

"Hana kitu kama kipi?" Bosi aliuliza taratibu.

Fundi wa mashine akawaokoa kwa kutokea mlangoni na bakuli lake.

Mdogo alitangulia. Alikuwa amelala ndani ya bomba lile kila mwaka tangu usichana wake, hata akiwa amechoka alikuwa anapitiwa na usingizi humo. Lakini safari hii, kitanda kilipoanza kuingia, kifua kilimbana. Mashine ikaanza kuezeka bati. Aliona uso wa binti yake umefunikwa na shuka pamoja na redio. Aliona kitanda kitupu. Akajaribu kuvuta pumzi, pumzi ikakataa. Mkononi alikuwa na kile kipira cha mpira cha kuita msaada, ambacho miaka yote hakuwahi kukiminya. Akakiminya kwa nguvu zake zote.

Fundi alimtoa haraka. "Pacha, vipi? Tuache?"

"Niache. Siwezi. Niache kidogo."

Alipofungua macho, Bosi alikuwa amesimama miguuni pake, nywele wazi, bila hata banio moja. Fundi alikuwa amemruhusu.

"Sogea," Bosi alisema, utafikiri kwenye kitanda kile kulikuwa na nafasi. Akaushika unyayo wa dada yake kwa mikono yote miwili. "Unaogopa nini?"

"Bomba."

"Muongo."

Mdogo akafumba macho. Sauti ilitoka ndogo. "Naogopa asije akawa kama wewe."

Akajua alichokisema, akataka ardhi ipasuke. Lakini mikono kwenye unyayo wake haikulegea.

"Na mimi naogopa," Bosi alisema. "Unadhani siangalii? Namwangalia kila siku. Ila mimi namwangalia nikijua nini cha kufanya. Sisi hatukuwa na mtu aliyejua. Mama alisikiliza majirani wangapi kabla ya kufika hapa? Huyu ana mimi, ana Daktari, ana nesi mkorofi. Unachomfichia ni nini? Ukimwambia presha, siku akisikia ya kwake atajua amwambie nani?"

Mdogo alijifuta macho kwa kiganja.

"Haya, ingia umalize. Nipo hapa. Ukitingishika nakutekenya."

Akaingia. Mashine ikagonga, jirani akadai haki yake, na muda wote ule Mdogo alihisi mikono miwili imeshika unyayo wake, mikono kama yake mwenyewe.

Zamu ya Bosi ilikuwa fupi. Mdogo alikwenda kunawa uso, na aliporudi koridoni akawakuta wameketi kwenye benchi, Bosi na binti, mabega yamegusana. Bosi alikuwa anahadithia.

"... basi nikaifunika na shuka. Maana nilidhani akiwa gizani hataniona. Mama yako akacheka! Simlaumu, na wewe ungecheka."

"Ilikuwa inauma?"

"Kuuma hapana. Ilikuwa upweke. Kila mtu yuko chumbani na wewe, na hakuna aliyeko mahali ulipo."

Mdogo alifungua mdomo kuyakata maongezi, kwa mazoea tu. Binti akainua mkono.

"Mama, mwache. Mimi presha hiyo niliijua siku nyingi. Dawa zina karatasi ndani, nasoma." Kisha, kwa upole ambao Mdogo hakujua mwanawe anao: "Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Ukija kunichungulia nimelala, nilikuwa macho. Nilidhani kuna kitu umekiona kwangu unaogopa kuniambia."

Mdogo akaketi. Akawa upande wa pili wa binti, akamshika mwanawe goti, akasema, "Sijaona kitu. Haki ya Mungu, mwanangu, sijaona kitu. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa."

Daktari aliwaita ofisini kwenye viti vilivyobaki. Aliwaonyesha kwenye kompyuta ubongo wao wa mwanzo na wa sasa, mmoja kando ya mwingine, kijivu na nyeupe, na kwa macho yasiyo ya kitaalamu huwezi kusema upi wa nani. Bosi ndiye aliyeuliza, kwa niaba ya wote waliokuwepo na wasiokuwepo.

"Sasa Daktari. Kwa nini mimi na si yeye?"

Daktari alivua miwani akaishika mkononi. "Sijui," alisema. "Nusu ya maisha yangu nimelitafuta jibu hilo, na ninyi mmenisaidia kuyaondoa majibu mengi ya uongo. Halikuwa kosa la mama yenu. Halikuwa kosa lako, wala hukujitakia. Tofauti ndogondogo tumeziona, nyingine wenzetu watazifuatilia baada yetu. Lakini lile lenyewe, la kwa nini wewe, naondoka silijui. Nisamehe."

"Umejitahidi," Bosi akamwambia, kama bosi anayemuaga mfanyakazi wake mzuri. Daktari akacheka kicheko kilekile cha kwanza, cha mtu asiyewahi kujizuia, kisha akalazimika kutafuta kitambaa.

Binti akasema anataka kuingia kwenye ule utafiti mpya. Mdogo alihisi moyo unataka kukataa kabla ya mdomo, akauma ulimi. Akamtazama mwanawe vizuri. Akasema, "Kama wewe umeamua, mimi nakubali."

Jengo lile lilivunjwa kabla mwaka haujaisha. Fundi wa mashine alistaafu. Daktari naye akastaafu, ila inasemekana huonekana jengo jipya mara kwa mara akijifanya amesahau mwavuli. Bosi alipata kazi pale, asubuhi kadhaa za wiki: anakaa na vijana walioletwa kwa mara ya kwanza, na hasa na mama zao. Anaambiwa ni mzuri sana kwa mama zao.

Mwaka uliofuata Siku ya Picha ilipofika, Mdogo aliamka mapema akapiga gauni la binti pasi. Wakaondoka wawili, binti na Mama Mkubwa wake, na kwenye kona wakapunga mikono bila kugeuka sawasawa, wameshazama kwenye maongezi. Kwa mara ya kwanza tangu usichana wake, Mdogo hakuwa na mahali pa kwenda siku ile. Dukani alikuwa ameomba ruhusa, kwa mazoea tu. Akafagia uwanja uliokuwa safi. Akachemsha chai, akapaka mkate siagi, akala vipande viwili amesimama. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia maji yanavyodondoka bafuni, naye akakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele akiikumbuka korido ile, harufu ya dawa ya sakafu, na bega la mama.

Alasiri aliwasikia kabla hajawaona. Walikuwa wanacheka, kile kicheko cha kuegemeana ukutani, na mmoja akijaribu kumaliza sentensi, mwingine anaanza upya. Mdogo akaenda kuwafungulia geti.

"Mnacheka nini?"

Wakatazamana. Binti akajaribu kueleza, kuhusu mashine mpya na mlio wake, akashindwa, akajishika mbavu.

"Huwezi kuelewa," Bosi akamwambia dada yake, akipita na mkoba. "Ilibidi uwepo."

Mdogo akafunga geti, akawafuata ndani.